Maji moto wakati wa theluji: Raha yenye masharti yake

KILA mwaka vijana wa Kenya hufunga safari kwenda Japani kusoma au kufanya kazi. Wengi huondoka hapa wakiwa wameonywa juu ya baridi ya kule, na mizigo yao huwa imejaa makoti mazito, soksi za sufu na fulana za kuvaa ndani. Lakini ni wachache wanaoelezwa kuhusu jambo ambalo huenda wakaalikwa kulifanya kabla ya majira yao ya kwanza ya baridi kwisha. Jambo hilo ni kwenda na wenzao, wikendi moja, kuoga kwenye chemchemi za maji moto ambazo Wajapani huziita onsen.

Mwaliko huo ni mzuri na mimi kama daktari sikushauri uukatae. Ni vizuri hata hivyo uelewe kwamba maji yayo hayo yanayomlegeza mtu mwenye afya na kumpa usingizi mtamu yanaweza kumwangusha mwingine, hasa wakati wa baridi. Nawe mzazi unayepanga kwenda kuhudhuria mahafali ya mwanao, ambayo vyuo vingi vya kule hufanya mwezi wa Machi kukiwa bado na baridi, makala haya yanakuhusu pengine kuliko yanavyomhusu huyo mwanao.

Onsen ni nini?

Japani ni nchi ya volkano. Maji ya mvua na theluji huzama ardhini, hupashwa moto na miamba iliyo chini, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba madini. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inasema kuwa maji yataitwa onsen iwapo yanatoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 25 au zaidi, au yakiwa na madini fulani kwa kiwango kilichowekwa. Chemchemi za namna hiyo nchini humo ni zaidi ya 27,000.

Ukiwa Tokyo, watu wengi watakupeleka Hakone ambako si mbali, au Kusatsu, mji ulioko milimani kwenye kimo cha mita 1,200 hivi. Huko Kusatsu maji ni makali, uchachu wake ukikaribia ule wa maji ya ndimu. Tena hutoka ardhini yakiwa moto mno, ndipo wenyeji wakawa na desturi ya kuyakoroga kwa mbao ndefu ili yapoe bila kuyatia maji baridi. Daktari Mjerumani, Erwin Bälz, aliyefika Japani mwaka 1876 kufundisha udaktari, aliisifu sana Kusatsu na kuifanya ijulikane ng'ambo. Ukiwa kusini, katika kisiwa cha Kyushu, utasikia habari za Beppu, mji wenye chemchemi zaidi ya 2,000. Mji huo una chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 2000 ambacho hupokea wanafunzi kutoka mataifa mengi.

Huko Beppu kuna pia mabwawa yanayoitwa jigoku, yaani jehanamu. Haya ni ya kutazamwa tu, kwa sababu baadhi yake hukaribia kuchemka. Aliyewahi kufika ziwa Bogoria na kuwaona wageni wakitokosa mayai kwenye chemchemi atayaelewa mara moja.

Faida za kweli

Tuanze na mazuri. Maji ya nyuzijoto 38 hadi 41 hupanua mishipa ya damu, hulegeza misuli iliyokaza na kupunguza maumivu ya viungo kwa muda. Mwili ukiwa ndani ya maji huwa mwepesi, na magoti na mgongo hupumzika kubeba uzito. Mtu aliyeoga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala hupata usingizi upesi, kwa sababu baada ya kuoga mwili hupoa polepole, na kupoa huko ndiko kunakoleta usingizi.

Kuna faida nyingine ambayo haihusiani na madini. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea mchana wa saa 12 mwaka mzima. Mjini Tokyo mwezi wa Desemba mchana haufiki saa 10, na kaskazini huko Sapporo ni mfupi zaidi. Mwanafunzi huamka gizani, hurudi gizani, hula peke yake chumbani, na baada ya wiki chache huanza kuhisi uzito moyoni ambao hawezi kuueleza anapopiga simu nyumbani. Kutoka na wenzake wikendi, kutembea kwenye mwanga wa mchana, kuoga na kula pamoja ni dawa ya upweke. Hata nyani wa Jigokudani, mkoani Nagano, huingia maji moto wakati wa theluji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba homoni za msongo hupungua kwa nyani majike wanaofanya hivyo.

Lakini tusivuke mpaka. Kwenye kuta za majengo ya onsen utakuta kibao chenye orodha ndefu ya maradhi yanayosemekana kufaidika na maji. Kufaidika si kupona. Maji hayaondoi kisukari, hayatibu saratani, hayamalizi shinikizo la damu. Asikudanganye mtu ukaacha dawa zako nyumbani kwa kuwa unakwenda kwenye "maji ya tiba".

Kinachotokea mwilini

Sasa tazama safari ambayo damu yako hufanya. Unavua nguo katika chumba chenye baridi, au unatembea uchi hatua kumi kwenda bwawa la nje huku theluji ikianguka. Mishipa ya ngozi hujifunga ili kuhifadhi joto, na shinikizo la damu hupanda ghafla. Unaingia ndani ya maji ya nyuzijoto 42. Kwanza shinikizo huweza kupanda tena kwa mshtuko wa joto, kisha baada ya dakika chache mishipa hufunguka na shinikizo hushuka. Wakati huohuo, uzito wa maji hukubana miguu na tumbo na kuisukuma damu kuelekea kifuani, moyo ukalazimika kufanya kazi zaidi.

Halafu unasimama kutoka. Ule mbano wa maji huondoka mara moja, damu huteremka miguuni ambako mishipa imefunguka wazi, na ubongo hukosa damu ya kutosha. Macho yanaona giza. Ukianguka nje unaweza kuvunja nyonga au kupasua kichwa. Ukianguka ndani ya maji unazama, hata kama maji yenyewe yanafika magotini tu.

Hili si jambo la kubuni. Japani ni nchi ambayo karibu kila nyumba ina beseni kubwa la kujitumbukiza, na maelfu ya wazee hufia bafuni kila mwaka, wengi wao katika miezi ya baridi. Kwa watu wa miaka 65 na zaidi, wanaokufa kwa kuzama bafuni ni wengi kuliko wanaouawa na ajali za barabarani. Ndiyo maana serikali ya Japani huwashauri watu wake waoge maji yasiyozidi nyuzijoto 41, na wasikae ndani kwa zaidi ya dakika 10. Ikiwa wenyeji waliozaliwa ndani ya desturi hiyo wanaonywa hivyo, mgeni naye hana budi kusikiliza.

Nani ajihadhari zaidi?

Wenye shinikizo la damu. Dawa nyingi za ugonjwa huu hufanya kazi kwa kupanua mishipa, na maji moto nayo hufanya kazi iyo hiyo. Mtu anayemeza dawa asubuhi na kujitumbukiza majini saa chache baadaye amejipa dozi mbili. Usiache dawa. Unachopaswa kupunguza ni joto la maji na muda wa kukaa ndani yake, kisha utoke polepole. Ikiwa shinikizo lako halijadhibitiwa, au umepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni, usiingie kabisa hadi daktari wako akuruhusu.

Wenye moyo dhaifu. Usizame hadi shingoni. Ikiwa daktari amekubali uingie, kaa kwenye ngazi ya bwawa maji yafike kiunoni tu, mabega yafunikwe kwa taulo.

Wenye kisukari. Waliougua kwa miaka mingi huweza kupoteza hisia za miguu, wakaungua bila kujua. Pima joto kwa kiwiko cha mkono wala si kwa mguu. Anayejidunga insulini ajue pia kwamba joto huifanya iingie kwenye damu haraka, na sukari inaweza kushuka ghafla. Usioge mara tu baada ya kujidunga wala ukiwa na njaa, na uwe na kitu kitamu karibu.

Wenye selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu zenye umbo la mundu, ambao unajulikana sana Nyanza, Magharibi na Pwani. Mambo yanayouamsha ni baridi ya ghafla na upungufu wa maji mwilini, na wikendi ya onsen ina yote mawili. Maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, ndani ya jengo, yanaweza kukufaa. Kutoka bwawa la nje na kusimama kwenye upepo wa theluji ukiwa umelowa ni kuyaita maumivu kwa jina.

Wajawazito. Zamani vibao vya onsen viliwakataza, na mwaka 2014 serikali ya Japani iliondoa katazo hilo. Hata hivyo katika miezi mitatu ya kwanza joto kali la mwili linaweza kudhuru uti wa mgongo na ubongo wa mtoto anayeumbika. Ushauri wangu ni kungoja miezi hiyo ipite, kisha utumie maji ya vuguvugu kwa dakika chache, ukiangalia usiteleze.

Wenye kifafa wasiingie majini bila mtu mzima aliye karibu na anayejua hali yao. Wenye pumu wajihadhari na harufu kali ya salfa na hewa ya baridi, na dawa yao ya kuvuta iwe mahali pa kufikiwa, isiachwe ndani ya basi. Watoto hupata joto upesi kuliko wakubwa, kwa hiyo muda wao uwe mfupi na wasiachwe peke yao hata dakika moja. Na mtu yeyote mwenye homa angoje ipungue.

Mwisho, na nalisema hili kwa vijana hasa: pombe. Wikendi ya wenzako wa kazini huenda na sake na bia. Pombe hupanua mishipa, hukausha mwili na kukunyima fahamu ya kujua kwamba umezidiwa. Oga kwanza, pumzika, kunywa maji, ndipo ufuate meza. Anayekunywa kwanza kisha akaenda kuoga peke yake usiku wa manane anacheza na kifo.

Hatari zisizoonekana

Harufu ya mayai yaliyooza utakayoisikia kwenye chemchemi nyingi hutokana na gesi ya haidrojeni salfaidi. Kwa kiwango kidogo ni kero tu. Kwa kiwango kikubwa huua, na ubaya wake ni kwamba ikizidi hulemaza pua, usiisikie tena. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo. Mwezi Desemba mwaka 2005, kwenye onsen moja mkoani Akita, watu wanne wa familia moja walikufa baada ya gesi hiyo kujikusanya katika shimo la theluji. Kwa hiyo ukiona kamba au kibao cha kukataza, usivuke kwa ajili ya picha, na watoto wasichezee mashimo ya theluji karibu na chemchemi.

Hatari ya pili ni bakteria aitwaye Legionela, ambaye hupenda maji ya vuguvugu yasiyosafishwa vizuri, hasa yale yanayozungushwa na pampu na kurudishwa bwawani. Mtu humvuta kwa pua pamoja na mvuke wenye matone madogo ya maji. Mwaka 2002 mlipuko katika bafu moja la onsen mjini Hyuga, mkoani Miyazaki, uliua watu 7 na karibu 300 wakashukiwa kuambukizwa. Walio hatarini zaidi ni wazee, wavutaji sigara na wenye kinga dhaifu. Ugonjwa hujitokeza kwa kawaida siku 2 hadi 10 baadaye: homa kali, kikohozi, maumivu ya misuli, wakati mwingine kuhara na kuchanganyikiwa. Mwambie daktari kwamba ulioga kwenye maji moto, hata kama umesharudi Nairobi. Hilo ni muhimu kwa sababu baadhi ya dawa tunazotumia kila siku kutibu nimonia, zikiwemo zile za jamii ya penisilini, hazimwezi bakteria huyu.

Ya tatu ni maji kuingia puani. Katika chemchemi za porini zisizotunzwa kunaweza kuishi amiba ambaye, akipitia puani, huushambulia ubongo. Ugonjwa huu ni nadra sana, lakini wanaopona ni wachache mno. Kinga yake ni rahisi: usizamishe kichwa. Kwa bahati nzuri adabu ya onsen nayo inakataza kupiga mbizi.

Namna ya kuoga

Watu huingia uchi. Nguo za kuogelea kwa kawaida haziruhusiwi, na wanaume huwa mbali na wanawake. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Lakini ikiwa dini au haya inakuzuia, huna haja ya kujilazimisha. Hoteli nyingi zina bafu la faragha la kukodi kwa saa moja, na katika miji mingi ya onsen kuna ashiyu, vidimbwi vya kutumbukiza miguu tu ukiwa umevaa nguo zako. Vingi havilipishwi. Kwa mzazi mwenye shinikizo la damu, dakika 10 za ashiyu akiwa na koti begani ni raha tosha isiyo na hatari kubwa. Sehemu nyingi hukataa watu wenye chale za wino, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa nauli.

Kabla ya kuingia kunywa gilasi moja au mbili za maji. Keti kwenye kigoda, ujisugue kwa sabuni na ujisuuze povu lote liishe, kwa maana bwawa si mahali pa kutoa uchafu. Kisha jimwagie maji moto ukianzia miguuni, uende magotini, kiunoni, hadi mabegani, mwili uzoee. Ingia polepole. Kaa dakika 5 kwa mara ya kwanza, usizidi 10. Moyo ukienda mbio au kichwa kikiwa chepesi, ni wakati wa kutoka. Usisimame ghafla: keti kwanza kwenye ukingo, miguu ikiwa bado majini, uhesabu hadi 30, kisha shika nguzo uinuke. Jikaushe kabla ya kuingia penye baridi, vaa, kunywa maji tena na upumzike nusu saa. Kuoga mara mbili kwa siku kunatosha. Wanaojitumbukiza mara tano ili "wapate thamani ya pesa zao" huishia na uchovu, kichefuchefu na vipele.

Ngozi na nywele zetu zinahitaji uangalizi wa pekee. Hewa ya baridi ya kule ni kavu, na maji ya salfa au yenye uchachu huondoa mafuta ya ngozi. Mwenye ngozi laini ajisuuze kwa maji ya kawaida, kisha ajipake mafuta mazito kabla unyevu haujakauka. Penye kidonda au palipokwanguliwa na wembe, maji ya Kusatsu yatakuchoma kama pilipili. Wenye kusuka wafunge nywele juu zisiguse maji, kwani misuko ikilowa huchukua saa nyingi kukauka, na kutembea nayo kwenye baridi ni mateso. Vua mikufu na pete za fedha, maana salfa huzifanya nyeusi.

Mwenzako akizirai

Kazi ya kwanza ni kuinua uso wake juu ya maji na kupiga kelele ya kuomba msaada. Mtoe mkiwa zaidi ya mmoja, mlaze chali, mwinue miguu na umfunike. Akizinduka mpe maji kidogo kidogo. Asipozinduka, au akiwa na maumivu ya kifua, mdomo umekwenda upande, au mkono hauna nguvu, piga simu 119. Ambulensi ya Japani hailipishwi. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja na usiache hadi wahudumu wafike.

Kuhusu gharama za hospitali, anayeishi kule kwa zaidi ya miezi mitatu hutakiwa kuwa na bima ya afya ya umma, ambayo humwachia mtu mzima wa kawaida alipe asilimia 30 ya gharama. Mzazi anayetembelea kwa wiki mbili hana bima hiyo. Kabla hajaondoka akatiwe bima ya safari inayokubali maradhi aliyo nayo tayari, apimwe shinikizo na sukari, na abebe dawa za kutosha pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa hizo, kwa kuwa majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine.

Nanyi mlioko huku nyumbani msidhani haya ni ya mbali. Bwawa la maji ya mvuke la Olkaria, karibu na Naivasha, limekuwa likipokea waogaji tangu mwaka 2013, na huko Magadi watu huingia kwenye chemchemi bila kumwuliza mtu. Baridi ya theluji hatuna, lakini moyo, mishipa na chupa ya bia ni vilevile. Basi kabla hujaingia, jiulize mambo matatu: Je, nimekunywa maji? Je, kuna mtu anayejua niko hapa? Je, dawa ninazomeza zinaniruhusu? Ukiwa na jibu zuri kwa yote matatu, ingia, ustarehe, na utoke kabla mwili haujakulazimisha.